Miwani ya Zuhura

Tangu nirudi mmenipigia simu, mmenisimamisha nje ya kanisa, na wengine mmefika hadi kwangu Isevya mkajifanya mnapita tu. Swali ni moja: huko kulitokea nini, mbona mimi na Zuhura tuliondoka tukicheka, tukarudi tumekaa mbalimbali kwenye basi? Nimechoka kusimulia vipande vipande, kila mtu nikimpa kipande kinachonifaa mimi. Leo nayaandika yote, ya tiketi na barua za utambulisho nikiyaruka, maana hayana ladha.

Kwa wale watakaosomewa haya bila kutujua: mimi ni Leokadia, mwalimu, naishi Isevya hapa Tabora. Surua ilinipofusha nikiwa na miaka tisa, nikapelekwa shule ya wasioona, na huko nikajifunza nukta nundu mpaka nikawa nasoma kwa vidole haraka kuliko mapadri wengine wanavyosoma kwa macho. Kwa miaka ishirini, katika chama chetu cha wasioona, msomaji nilikuwa mimi. Kumbukumbu za mkutano nasoma mimi. Somo la kwanza Jumapili nasoma mimi, na watu wakishatoka wananishika mkono wakisema Mungu ni mkubwa.

Zuhura ni wa Kanyenye, mtaa mwingine wa hapa Tabora, wa ukoo wa wafanyabiashara ambao mababu zao walitoka Omani. Presha ya macho ilimpofusha akiwa mtu mzima, ana duka na watoto. Alikuja darasani kwangu wiki mbili kujifunza nukta, akaacha. Sikumlaumu. Kisha kaka yake aliyeko Maskati akamletea miwani yenye kamera ndogo pembeni, imeungwa na simu. Ukiigeuza kwenye maandishi yoyote, inakusomea kwa sauti ya kike, tena kwa Kiswahili. Jumatatu iliyofuata aliingia kwenye mkutano, akachukua gazeti la katibu mezani, akalisoma ukurasa wa kwanza wote. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, huku meno nimeyauma.

Safari ilitokana na ahadi ya mfadhili mmoja. Atakinunulia chama vifaa vya kusomea kwa ajili ya chumba chetu cha mikutano, lakini vya aina moja tu, na tuchague sisi. Tukapewa vitatu vya kujaribia. Cha kwanza ni kile tulichokibatiza redio ya vitabu, kisanduku chenye vitufe vikubwa kinachosoma vitabu vilivyorekodiwa. Cha pili ni kibao cha nukta, ambacho nukta zake zinainuka na kushuka chini ya vidole kila unapobonyeza, kwa hiyo kitabu kizima kinapita mahali pa mstari mmoja. Cha tatu ni miwani kama ya Zuhura. Mimi na yeye tukaambiwa tuvipeleke kwa wanachama walio mbali, kwa kufuata njia ya misafara ya zamani, Tura hadi Ujiji, tuone watu wanakishika kipi na kukiacha kipi.

Nawaambia mapema nilichokuwa nacho moyoni. Nilitaka kibao kishinde. Miwani ikishinda, nani tena angekuja darasani kwangu?

Tura

Kule Tura tulipokelewa na Mzee Hamisi, mstaafu wa reli, aliyetumia ujana wake kukaza boliti za mataruma. Macho yalimwisha baada ya kustaafu. Mkewe alituandalia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, akavipika tena na karanga za kusaga, na mimi nikala kama niliyetoka kifungoni.

Nilianza na kibao changu. Nikamwekea vidole juu ya nukta.

"Unasikia nini, mzee?"

"Nasikia kama mchanga."

"Jaribu kidole cha shahada. Taratibu."

"Mwalimu, hivi vidole vimeshika spana miaka thelathini. Hata moto vinauchelewa."

Redio ya vitabu aliipenda. Alijifunza vitufe vyake kabla chai haijapoa. Lakini Zuhura alipomvisha miwani, Mzee Hamisi aliingia ndani akatoka na kitambulisho chake cha kazi, ambacho alikuwa hajakisoma tangu macho yalipokwisha. Miwani ikamtajia jina lake, jina la baba yake, na cheo: msimamizi wa genge la mafundi wa reli. Akaomba irudie. Ikarudia. Akamwita mkewe aje asikie, na mkewe akasema, "Kumbe ulikuwa msimamizi. Mimi uliniambia kibarua."

"Niliogopa ungeomba khanga zaidi," akajibu, wote wakacheka.

Mimi nilikuwa nakirudisha kibao changu kwenye mfuko wake. Hakuna aliyeniuliza mbona nakirudisha.

Treni ya kuturudisha Tabora ilitarajiwa asubuhi, ikaja alasiri. Kule stesheni Zuhura hakutulia. Alisoma magunia, alisoma ukutani, alisoma kopo la rangi. Kijana mmoja wa baiskeli alikaa karibu nasi, na Zuhura akamgeukia.

"Kaka, samahani. Fulana yako ina maneno ya Kizungu. Inasema wewe ni bibi bora kuliko mabibi wote."

"Nimeinunua mnadani," akasema kijana. "Mimi nilijua ni jina la timu."

Stesheni nzima iliangua kicheko, na yule kijana mwenyewe akacheka zaidi, akatununulia karanga. Mimi nilitabasamu. Moyoni nilikuwa nahesabu: tumekutana na watu wangapi tangu jana, na wangapi wamenikumbuka jina.

Tabora hadi Urambo

Tulilala kila mtu kwake, kesho yake tukapanda basi kwenda Urambo. Safari fupi, barabara nzuri, sina la kusimulia isipokuwa jambo moja ambalo baadaye nililitumia vibaya.

Kituoni Zuhura alitaka kuthibitisha basi letu. Akaelekeza miwani kwenye kioo cha mbele, ikasoma, "Ulambo Ekspresi, Mungu ni mchwa." Kondakta alisema pale pameandikwa Mungu ni mwema, herufi zimebanduka. Tukacheka tena. Lakini mimi niliiweka ile akilini kama mtu anayeokota kisu njiani: miwani inaweza kukosea.

Toka Urambo mjini tulichukua pikipiki mbili hadi kijijini kwa Mama Yunisi.

Kwa Mama Yunisi

Mama Yunisi ni mjane wa miaka kama sabini, mkulima, muumini wa kanisa la Moraviani. Ugonjwa wa vikope ulimla macho polepole. Binti yake Yunisi ameolewa Mpanda, na yeye anaishi peke yake kwenye shamba aliloachiwa na mumewe, karibu na shemeji yake, Mzee Yohana.

"Mwangaluka," nikamsalimu nilipoingia uani, na yeye akanijibu kwa furaha ya mtu aliyesikia lugha ya nyumbani. Zuhura alisema, "Shikamoo mama," na Mama Yunisi akamjibu, "Marahaba mwanangu, karibu."

Mimi ni Mnyamwezi wa kuzaliwa. Zuhura amezaliwa Tabora mjini, Kinyamwezi chake kinaishia kwenye salamu. Kwa hiyo pale uani, mbele ya Zuhura, mimi na yule mama tulikuwa na chumba chetu cha faragha.

Vifaa alivijaribu vyote. Nukta alizisikia vizuri, vidole vyake vilikuwa hodari kuliko vya Mzee Hamisi, na nilianza kupata matumaini. Lakini masikio yake yalikuwa kwenye miwani. Zuhura aliisomesha pakiti ya chumvi, kalenda ya kanisa, kitabu cha nyimbo. Kila iliposoma, Mama Yunisi alivuta kiti karibu zaidi na Zuhura. Nilisikia miguu ya kiti ikikwaruza ardhi, mbali nami.

Kisha akanigeukia, akashusha sauti, akasema kwa Kinyamwezi, "Mwalimu, hiyo miwani ya mwenzako inasema kweli?"

"Kwa nini, mama?"

"Nina karatasi. Shemeji ameileta niweke dole gumba. Anasema ni ya shamba, nitaandikwa mimi. Lakini wote wenye macho hapa ni watu wake, nikimpa mtu anisomee habari zitafika kwake kabla sijamaliza kusikia. Nilikuwa nawasubiri nyinyi."

Ndugu zangu, nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, ndiyo. Lakini niliiona picha yote: Zuhura atasoma karatasi, mama atalia, atamkumbatia, na kule Tabora habari itafika kwamba miwani ya Zuhura imeokoa shamba la mjane. Mimi nitakuwa yule aliyebeba mizigo.

Nikamjibu kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya upole kabisa. "Mama, mara inasema kweli, mara inatunga. Leo asubuhi ilisema Mungu ni mchwa. Kwa karatasi ya shamba, mimi nisingeiamini."

Nilisikia karatasi ikikunjwa, mara moja, mara ya pili, kisha ikaingia ndani ya nguo.

"Anasemaje?" Zuhura akaniuliza.

"Anauliza kama tunaweka sukari kwenye chai."

"Mwambie mimi sana," akasema Zuhura, akacheka. "Mwambie napenda vitamu kama mtoto."

Nikatafsiri. Mama Yunisi akatuletea chai tamu mno, na mimi nikainywa yote.

Siku ya Malagarasi

Treni ya Kigoma tuliipanda Urambo. Tulipovuka Kaliua na kuingia kwenye bonde la Malagarasi, ikasimama. Mvua ilikuwa imekula tuta, mafundi wakawa wanajaza mawe. Tukaambiwa saa moja. Tulikaa pale kutwa.

Mtandao haukuwepo. Na miwani ya Zuhura, kumbe, ile sauti yake ya Kiswahili inatoka kwenye mtandao. Bila mtandao ni miwani ya jua tu. Zuhura aliijaribu, akaizima, akaivua. Sijui niliseme vipi jambo hili bila kujiaibisha: nilifurahi mpaka njaa ikaniondoka.

Nikatoa kibao changu, kilichokuwa na hadithi nyingi ndani yake na chaji ya siku tatu. Nikaanza kusoma kwa sauti. Kwanza walisikiliza mama mmoja na watoto wake, kisha wa viti vya nyuma wakahamia, kisha behewa zima likanyamaza. Wachuuzi wa vijijini walikuja chini ya madirisha na kuku wa kuchemsha na asali kwenye chupa za maji, na hata wao walisimama kusikiliza. Mtu mmoja aliniwekea paja la kuku mkononi bila kusema kitu. Nilisoma hadi sauti ikakauka.

Niliposimama kunywa maji, nilingoja Zuhura aseme jambo dogo lenye ncha. Nilitaka alisikie lile joto nililolisikia mimi kule Tura.

"Endelea, shoga yangu," akasema. "Unasoma vizuri sana. Mimi ningeweza kukaa hapa mpaka kesho."

Alisema kweli. Nilimjua kwa sauti, na hapakuwa na kitu kingine ndani yake. Hiyo iliniudhi kuliko makofi yote ya mkutano. Ingekuwa nafuu kwangu kama na yeye angenionea wivu.

Ujiji

Tulifika Kigoma tumechakaa, tukashukia Ujiji kwa mwenyeji wetu, Mwajuma, fundi cherehani. Alitupikia samaki wa ziwani, migebuka, kwa mawese na ugali wa muhogo, na Zuhura ambaye nyumbani kwao wali haukosekani aliomba aongezwe mara mbili.

Mwajuma anaona. Anatunga uzi kwenye sindano ambayo mimi hata kuishika siwezi. Tatizo lake ni herufi. Tangu utotoni zinamchezea, zinabadilishana nafasi kabla hajamaliza neno. Shuleni walimwita mvivu, kisha mjinga, kisha wakaacha kumwita. Chama kinampokea kwa sababu kitabu kilichochapwa kimefungwa kwake kama kilivyofungwa kwetu.

Vipimo vya wateja haviandiki. Anafunga mafundo kwenye nyuzi, kila mteja na uzi wake: fundo la bega, fundo la kiuno, fundo la urefu wa mkono. Aliniwekea rundo la nyuzi mapajani na mimi nikazipitisha vidoleni.

"Dada, hii ni nukta nundu," nikamwambia. "Umeigundua mwenyewe. Nipe wiki mbili nitakufundisha."

Akacheka. "Hapana, Mwalimu. Hizo ni zako. Mimi nataka kusoma kile wanachosoma wenzangu."

Zuhura akampa miwani. Akaivaa, akaelekea ukutani ambako kulikuwa na leseni yake ya biashara, imeandikwa na watu wengine, imetundikwa na watu wengine. Ikamsomea. Akaenda kwenye majarida ya mitindo, kwenye boksi la uzi, kwenye kadi ya kliniki ya mwanawe. Hakulia, wala hakushangilia. Alizunguka tu chumbani, akisomewa, kwa muda mrefu sana, sisi tukimsubiri na chakula kikipoa.

Aliporudi kukaa alisema hivi, na nayakumbuka maneno yote. "Maisha yangu yote nimekuwa nauliza watu, hapa pameandikwa nini? Mtu akinijibu, sina namna ya kujua kama amenijibu kweli. Huwa naomba tu niwe nimemuuliza mtu asiye na kijicho."

Tonge lilinikwama. Zuhura akanipigapiga mgongoni akidhani ni mwiba wa samaki, akamwomba Mwajuma ndizi, nimeze nao ushuke. Nikala ndizi. Haukushuka.

Kurudi

Nilimwambia Zuhura ndani ya treni, tulipokwisha kupita Uvinza, ambako abiria walikuwa wamenunua chumvi mpaka njia ya kupita behewani ikajaa. Nilimwambia kila kitu: karatasi, swali, jibu langu.

"Ulimwambia kwa Kinyamwezi," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nimekaa hapo hapo."

"Ndiyo."

"Nikadhani ni habari za sukari." Akanigeukia. "Kwa nini, Leokadia?"

Siku zote ananiita shoga yangu, au Mwalimu. Jina langu tupu nililisikia kama mlango unaofungwa.

"Nilikuonea wivu."

"Kwa miwani? Ungesema. Ningekupa uivae wewe umsomee."

Hilo sikuwa nimelifikiria kamwe. Yeye alisogea kiti cha dirishani, akaweka mkoba wake katikati yetu, na hakusema tena hadi Urambo. Lakini treni iliposimama, wa kwanza kushuka alikuwa yeye.

Kwa Mama Yunisi, mara ya pili

Tulimkuta Mama Yunisi anapepeta maharage. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alituambia habari bila kuulizwa.

Baada ya sisi kuondoka, aliwaza: watu hawaaminiki, mashine haiaminiki, basi salama ni kukataa. Shemeji aliporudi kuchukua karatasi, alimwambia mbele ya mzee wa kanisa na majirani kwamba anajua anachotafuta, anatafuta shamba la marehemu ndugu yake. Mzee Yohana aliondoka, hajarudi. Mkewe, ambaye alikuwa akimletea maji kila asubuhi, naye hajarudi.

"Na karatasi?" Zuhura akauliza.

Ilikuwa bado ndani ya nguo, imelowa jasho, mikunjo imechakaa. Tukatoka nayo juani. Zuhura akaivaa miwani, mimi nikaishika karatasi pande mbili niinyooshe, kwa sababu mikono yangu haitetemeki. Mara ya kwanza ilisoma vipande. Mara ya pili ikaruka mstari. Zuhura akaniambia niishushe kidogo, niipeleke kushoto, na mara ya tatu ikasoma yote.

Yalikuwa maombi ya hati ya kimila, ya kumiliki shamba. Mmiliki: Kabula, mjane, na jina la marehemu mumewe. Warithi: binti yake, Yunisi. Jina la Yohana lilikuwepo mahali pamoja tu, kwenye majirani, upande wa kaskazini, kwamba anaukubali mpaka.

"Rudia hapo kwenye jina langu," akasema Mama Yunisi.

Zuhura akarudia mara nne.

Hapo nilipaswa kusema, na nilisema, kwa Kiswahili, ili Zuhura asikie. "Mama, siku ile miwani ingekusomea hivihivi. Mimi nilikudanganya. Sikutaka mwenzangu asifiwe."

Maharage yalikuwa yanapepetwa, yakaacha kupepetwa.

"Kwa hiyo nimemtukana mtu mwema," akasema. Hakunigombeza. Aliinuka, akakung'uta khanga. "Twendeni kwake. Nyote wawili."

Alitangulia yeye, maana njia ni yake. Tukamfuata kwa fimbo zetu, wanawake watatu wasioona, hadi kwenye bani la kukaushia tumbaku, ambako harufu inakupokea kabla ya mwenyewe. Mama Yunisi akapiga magoti, nikasikia magoti yakigusa majivu.

"Shemeji, nimesomewa. Nimekukosea."

"Nilikwambia imeandikwa nini," akasema Mzee Yohana. "Nilikwambia mara tatu."

"Uliniambia."

Nikajitaja. Nikaeleza kosa ni la nani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, Jumapili mimi nilikaa kanisani watu wakaacha nafasi pande zote mbili. Kwa Jumapili moja mimi nilikuwa mwizi. Hiyo utanirudishia vipi?"



Wapimaji wa ardhi, waliokuwa wakizikusanya karatasi zile, walikuwa wameshahamia kijiji cha pili. Mzee Yohana alitoa baiskeli, akampakia shemeji yake nyuma, wakaenda. Sisi tulibaki kwa mkewe, ambaye alitupa ugali na mboga za karanga bila kusema karibu. Walirudi jua likielekea kuzama. Mama Yunisi alikuja moja kwa moja, akaushika mkono wangu, akanigusisha kidole gumba chake. Kilikuwa bado kinanata wino.

Kabla hatujaondoka, nilimwomba Mzee Yohana ruhusa ya kulala pale mpaka Jumapili. Nikalala. Zuhura naye akabaki, ingawa hakuniambia kwa nini. Kwenye ibada nilimwomba mzee wa kanisa dakika mbili, nikasimama mbele ya watu nisiowajua, nikasema niliyoyafanya. Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyenishika mkono nilipotoka. Lakini mke wa Mzee Yohana aliniambia njiani kwamba benchi lao lilikuwa limejaa.

Kwenye basi la kurudi Tabora, Zuhura alikaa mbele, mimi nyuma. Hapo ndipo mlipotukuta.

Isevya

Mkutano mnaujua, wengi wenu mlikuwepo. Nilisoma taarifa kwa vidole vyangu, pamoja na kosa langu, kwa ufupi. Nikasema redio ya vitabu inawafaa walio mbali na mtandao, kibao kinamfaa anayezijua nukta, lakini ikiwa ni kimoja tu, ichaguliwe miwani, maana inamwezesha mtu kujua kilichoandikwa kwenye karatasi yake bila kupitia moyo wa mtu mwingine. Nilinyoosha mkono kupiga kura, na mkono ulikuwa mzito kama umebeba ndoo.

Wiki mbili baadaye bajaji ilisimama nje kwangu. Ilikuwa Zuhura. Aliketi barazani, akavua miwani, nikaisikia ikiingia kwenye kasha lake.

"Nifundishe nukta," akasema.

"Za nini? Unayo ile."

"Ile inanisomea. Kaka akiniandikia jambo la nyumbani, kwanza linapita kwenye sauti ya mwanamke nisiyemjua. Mimi nasomewa, Mwalimu. Wewe unasoma. Behewani pale Malagarasi ulikuwa unanyamaza kabla ya maneno mazuri, kama mtu anayeyaona yanakuja."

Aliniita Mwalimu. Nikaenda kutafuta karatasi ngumu.

Anakuja kila Alhamisi. Mwanzoni alikuwa mzito wa vidole, na siwafichi, uzito wake ulinipa raha. Nilimwandikia mistari mirefu makusudi. Alihangaika nayo, akaahirisha, akarudi. Alhamisi iliyopita nilimwandikia mstari mmoja wa mazoezi, akaupitia mara mbili, kisha akarudi katikati akasimama.

"Hapa umekosea," akasema. "Umeongeza nukta moja. Hii siyo e, ni h."

Nilikiweka kidole changu pale. Nikakipitisha tena, na tena. Miaka ishirini nafundisha, na yeye ana miezi miwili.

Chai ilikuwa mbele yake, sukari mbele yangu. Nilimsogezea, nikamngoja akoroge.

"Ni kweli," nikamwambia. "Nimekosea."

Iliniuma hasa.